Mkalimani Alipokwama

Leo nina habari ya filamu, na si filamu mpya. Ilitoka mwaka 2006; watoto waliozaliwa mwaka ule sasa wana vitambulisho vya taifa na madeni ya vikoba. Mimi nimeirudia juzi Jumamosi, hapa hapa Temeke, kwenye ukumbi ambao siku za kazi ni darasa la tuisheni. Tangu siku ile kuna swali la mama mmoja limeniganda kichwani, nami nimeona heri nilimwage hewani, tugawane.

Hebu kwanza nikuoneshe ukumbi. Shuka jeupe limepigiliwa misumari ukutani. Projekta ya kuazima, viti vya plastiki vya kukodi, feni moja inayozunguka kwa kusitasita. Vijana wa bodaboda wamekaa nyuma karibu na mlango, maana abiria hana miadi. Kuna mafundi simu, wasichana wa saluni ya jirani, walimu wawili wa sekondari, na akina mama wawili walioingia wakidhani tunaonesha filamu ya Kinijeria. Walipojua si hivyo walikuwa wameshanunua soda, wakabaki. Kwa kuwa filamu ni ya Kiingereza, wenyeji walimpa kijana mmoja maikrofoni atafsiri papo kwa papo, kama tulivyozoea kwenye mabanda ya video, ambako anayetafsiri huwa na jina kubwa kuliko Rambo mwenyewe.

Filamu inaitwa Hip-Hop: Beyond Beats and Rhymes. Aliyeitengeneza ni Byron Hurt, Mmarekani mweusi kutoka jimbo la New York. Alipokuwa Chuo Kikuu cha Northeastern, mjini Boston, alicheza futiboli ya Kimarekani kwenye nafasi ya kwotabeki, yaani yule anayeshika usukani wa timu nzima. Mwanaume wa mfano, kwa vipimo vya kule na vya huku. Alipomaliza chuo akapata kazi kwenye mpango ulioanzishwa hapo hapo Northeastern mwaka 1993, wa kuwafundisha wanamichezo wazungumze na wanaume wenzao juu ya ukatili dhidi ya wanawake. Kazi hiyo ndiyo iliyomharibia raha. Akirudi nyumbani jioni, akiwasha runinga, akitazama video za nyimbo alizozipenda tangu utotoni, alianza kuona kitu ambacho mwanzo hakukiona: video ni nyingi, lakini ni kama ile ile moja. Mwanaume, gari, noti zinarushwa, wanawake wamevaa nusu ya nguo.

Sasa, sisi tumezoea wakosoaji wa aina nyingine. Tumezoea mzee anayeinuka kwenye semina akasema muziki wa kufokafoka umewaharibu vijana, na ukimwomba akutajie wimbo mmoja, hana. Hurt si huyo. Anaanza filamu yake kwa kukiri kwamba hip-hop anaipenda, kakulia humo, mistari anaijua kwa moyo. Kwa sababu hiyo milango imefunguka. Humo ndani wamo marapa Chuck D, Mos Def, Talib Kweli, Fat Joe, Jadakiss, Busta Rhymes, hata Russell Simmons aliyeshiriki kuanzisha kampuni ya Def Jam. Wanazungumza naye kama ndugu yao, na yeye anawauliza kama ndugu. Wazo lake kubwa ni sanduku. Mwanaume, anasema, kawekwa kwenye sanduku: awe mgumu, awe na pesa, aogopwe, awe na wanawake, asilie. Ukitoa mguu nje ya sanduku, kuna jina linakusubiri.

Na hapo kwenye jina ndipo mkalimani wetu alipokwama.

Ilikuwa sehemu ya marapa wanaoshindana kwa mistari. Mmoja amesimama katikati ya duara, anamchana mwenzake, na kila akitaka kummaliza anatumia lile neno la Kiingereza ambalo asili yake ni jike la mbwa. Kijana akanyamaza sekunde mbili tatu. Naona alikuwa anatafuta. Kisha akasema kwenye maikrofoni, "Anamwambia mwenzake, we mwanamke!" Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Tulielewa wote. Hakuna aliyehitaji maelezo, hakuna aliyeuliza tusi liko wapi hapo. Kijana akafurahi kwamba amepata neno, akaendelea nalo mpaka mwisho wa filamu.

Nitalirudia jambo hilo. Niacheni kwanza niwapeleke kule kwa wenyewe.

Hip-hop, kama mnavyosimuliwa, ilizaliwa Bronx, New York, tarehe 11 Agosti 1973, DJ Kool Herc alipopiga santuri kwenye sherehe ya jengo namba 1520, Sedgwick Avenue. Hiyo ni nusu ya hadithi. Nusu nyingine ni kwamba sherehe haikuwa ya Herc. Ilikuwa ya dada yake, Cindy Campbell. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa, naye alitaka pesa za nguo mpya. Akapanga shughuli kwenye ukumbi wa jengo walimokuwa wakiishi, akasambaza matangazo yaliyoandikwa kwa mkono, akamweka kaka yake apige muziki. Kiingilio, wasichana senti 25, wavulana senti 50. Kwa hiyo siku ile hip-hop inazaliwa, promota alikuwa msichana, na wanaume walilipa mara mbili. Miaka sita baadaye, mwaka 1979, santuri ya kwanza ya rap kuvuma Marekani nzima, Rapper's Delight, ilitoka kwenye kampuni ya Sylvia Robinson, mwanamke naye. Nasema haya kwa sababu kuna vijana wanaoamini kwamba huu ni muziki wa kidume ambao wanawake walikuja kuudandia. Hapana. Walikuwa wenyeji, kisha wakageuzwa mapambo.

Mapambo hayo Hurt aliyafuata mpaka Daytona Beach, Florida, kwenye sherehe za ufukweni za kituo cha televisheni cha BET. Kuna picha pale ambazo zilimfanya mmoja wa walimu wetu ageuze uso. Wasichana wanatembea barabarani, wanaume wanawazunguka, wanawashika, wanawapiga picha chini ya nguo, mchana kweupe, watu wanapita. Hurt anawauliza wanaume, nao wanamjibu bila aibu kwamba kuna dada wa heshima na kuna wale wengine, na tofauti utaijua kwa mavazi. Anawauliza wasichana kuhusu matusi yaliyo kwenye nyimbo, nao wanamjibu jambo lililonisikitisha kuliko kushikwa kwenyewe: hawatusemi sisi. Kila mmoja anaamini anayetukanwa ni mwingine. Nimewahi kuwaona wanawake wa hapa kwetu wakiruka kwa furaha kwenye wimbo unaowatukana, nami nikiwa ndiye niliyeuweka.

Halafu kuna kisa cha Spelman, na hapa naomba tutulie.

Spelman ni chuo cha wanawake weusi, kiko Atlanta. Mwaka 2004, mfuko wa hisani wa rapa Nelly ulipanga kwenda chuoni hapo kuhamasisha watu wajiandikishe kuchangia uboho. Dada yake Nelly alikuwa na saratani ya damu, na wagonjwa weusi wanaohitaji uboho hupata shida kubwa ya kumpata mchangiaji anayelingana nao. Ni jambo la uhai na kifo. Lakini miezi michache kabla, Nelly alikuwa ametoa video ya wimbo wa Tip Drill, ambamo anapitisha kadi ya benki katikati ya makalio ya mwanamke, kama anavyolipa dukani. Wanafunzi wakasema: karibu, uboho tutachangia, lakini ukija kaa nasi kwanza tuzungumze kuhusu ile kadi. Mfuko ukafuta safari.

Dada yake alifariki mwaka 2005.

Kisa hiki kinanisumbua kwa sababu hakina upande mwepesi. Wapo waliowalaumu wale wasichana, wakasema wametanguliza siasa kuliko maisha ya mgonjwa. Mimi nimekigeuza huku na huku, na bado nasimama na wasichana. Hawakuukataa uboho. Walichokiomba ni nusu saa ya mazungumzo. Alikuwa anawajia wanawake weusi kuomba kilicho ndani ya mifupa yao, kwa ajili ya mwanamke mweusi anayempenda; na wao walimuuliza tu, sisi ni akina nani kwako? Swali hilo lilikuwa na jibu zuri, na nadhani mtu mwenye dada mgonjwa angeweza kulitoa. Kwenye sanduku hilo la Hurt, hata hivyo, mwanaume haitwi na wasichana akaenda kujieleza.

Kuna mwingine aliyeondoka, naye tulimwona akiondoka. Hurt alimuuliza Busta Rhymes kuhusu mashoga katika hip-hop. Busta akasema mazungumzo hayo hawezi kuyashiriki, akainuka, akatoka. Ukumbi wetu ulipiga makofi. Sikuja hapa kubishana juu ya dini wala sheria za nchi, msikilizaji wangu. Ninachokitazama ni kule kuinuka. Huyu ni mtu anayesimama mbele ya maelfu bila kutetemeka, na swali moja, lililoulizwa kwa sauti ya chini na ndugu aliyekaa mbele yake, limemtoa kwenye kiti. Hurt hakumfuata wala hakumzomea. Aliiacha kamera ikitazama.

Niliahidi kugawana, basi sasa nigawane na cha kwangu.

Kuna mahali Hurt anakutana barabarani na vijana wanaotafuta mikataba. Kila mmoja anampigia mistari, na mistari yote ni bunduki na maiti. Anawauliza, kwani hamna kingine? Wanacho. Mmoja anaanza kuchana mambo mengine kabisa, mazito, yenye akili. Kwa nini basi hukuanza na haya? Jibu lao ni kwamba ukisema ya haki, mkataba hupati. Na hapo filamu inageuka kutoka kwenye tabia kwenda kwenye biashara. Inataja sheria ya mawasiliano ya Marekani ya mwaka 1996. Kabla ya sheria hiyo, kampuni moja haikuruhusiwa kumiliki vituo vya redio zaidi ya 40 nchi nzima. Sheria ikaondoa kikomo hicho, na miaka michache baadaye kampuni ya Clear Channel, ya Texas, ilikuwa na vituo zaidi ya 1,200. Fikiria maana yake. Wimbo ukikubaliwa na meza moja, umekubaliwa kwenye miji mia. Ukikataliwa, hauna pa kwenda. Na meza hiyo haitaki kujaribu jipya. Inataka kilichouza jana. Wanunuzi wenyewe, filamu inaeleza, wengi ni vijana wa Kizungu wa vitongoji vya wenye nafasi, ambao hawajawahi kuishi kwenye mitaa inayoimbwa. Wananunua picha ya mtu mweusi wa kutisha, wanaisikiliza garini, wanarudi nyumbani kula.

Mama mmoja kati ya wale wawili alisema kwa sauti, "Kumbe ni redio!" Watu wakanigeukia. Nilitazama shuka.

Maana mimi ni redio. Miaka mingi iliyopita, nikiwa kijana mwenye kipindi cha usiku na jina linaloanza kujulikana, alikuja msichana na CD yake imefungwa kwenye karatasi ya daftari. Alikuwa anachana. Mistari yake ilikuwa juu ya baba aliyewatelekeza, imepangwa vizuri, pumzi haimwishii. Nikamsikiliza mpaka mwisho, nikamwambia, "Dada, wimbo mzuri, ila punguza hasira. Weka kiitikio cha mapenzi, tafuta mtu mwenye sauti laini akuimbie." Akashukuru akaondoka. Usiku ule ule nilipiga mara tatu wimbo wa bifu wa jamaa wawili wanaotukanana mama zao, kwa sababu wasikilizaji waliuomba. Hasira ya wale niliita kipaji. Sikuwa na Clear Channel, wala sheria ya mwaka 1996, wala bosi aliyenishikia kiboko. Nilikuwa na kiti tu na vitufe vya kubonyeza.

Wapo wasichana waliopita hata hivyo, hilo tuseme. Zay B na Sista P walipasua hapa kwetu, Nazizi akapasua Nairobi. Kule Marekani Queen Latifah alitoa U.N.I.T.Y. mwaka 1993, wimbo unaolishika lile neno la jike la mbwa na kumrudishia msemaji, na tuzo ya Grammy akachukua. Lakini hesabu waliorudishwa mlangoni. Hakuna aliyewahesabu.

Na tulikuwa Temeke, jamani! Pale pale. Kundi lililotoka kwenye mitaa hiyo na kuitikisa nchi lilijiita Wanaume. TMK Wanaume. Juma Nature alipojitenga na akina Chege na Temba, kundi lake jipya akaliita Wanaume Halisi. Nilizipenda nyimbo zao na bado nazipenda. Nyingi zilisema njaa na dhuluma za mtaani kuliko hotuba yoyote. Lakini sikiliza majina. Watu wamegombana, kila mmoja ameshika njia yake, na jambo la kwanza kuwekwa kwenye bango ni nani mwanaume wa kweli na nani si wa kweli. Niliposema hivyo ukumbini baada ya filamu kwisha, kijana mmoja wa bodaboda aliniambia, "Anko, usiwaguse hao." Nikamwambia siwagusi, nawasoma.

Filamu hii ni ya saa moja tu. Kule kwao, kabla na baada ya kurushwa na televisheni ya umma mwezi Februari 2007, ilipelekwa kwenye vyuo, maktaba na vituo vya vijana, makusudi watu waione pamoja kisha wabaki. Nadhani kubaki ndiko kulikokusudiwa hasa. Maana mkiwa peke yenu na simu zenu, kila mtu ana hukumu yake ndani ya dakika moja. Mkiwa arobaini mnapumua joto la ukumbi mmoja, inabidi umtazame mtu usoni.

Kijana yule yule wa bodaboda alisema, "Huyu kaka wa kwenye filamu anasema kweli. Lakini mimi barabarani nikionekana mpole, abiria ananidhulumu, trafiki ananikamua, na wenzangu kijiweni wananitoa foleni. Hilo sanduku ndilo kofia yangu ngumu." Nililipenda jibu lake kuliko mengi niliyoyasikia kwenye semina. Msichana wa saluni akamdaka: "Kaka, mbona mkikaa kwenye kiti changu nikiwanyoa mnanieleza shida zenu zote, mpaka wengine machozi yanawatoka, mkifika mlangoni mnakunja sura?" Vicheko. Mwalimu akataka kuleta nadharia, watu wakamwomba afupishe.

Ndipo yule mama wa pili, ambaye tangu mwanzo alikuwa kimya na chupa yake ya soda, akanyoosha mkono. Hakunigeukia mimi. Alimgeukia mkalimani.

"Mwanangu, lile neno ulilokuwa unalitafsiri kila mara 'mwanamke'. Kwa Kizungu ni tusi?"

"Ndiyo, mama. Tusi kubwa."

"Kwa Kizungu, mwanamke wanamwita hivyo?"

"Hapana, mama. Mwanamke ana neno lake."

"Sasa wewe kwa Kiswahili, tusi lao umelitia jina langu kwa nini?"

Kijana alibaki na maikrofoni mkononi. Akasema kwa unyenyekevu, "Shikamoo mama... nilitafuta neno fupi ambalo watu wataelewa." Na hiyo ndiyo kweli yake. Hakudanganya wala hakukusudia ubaya. Alitafuta neno ambalo wanaume arobaini wa Kiswahili, wakiambiwa, wataona wametukanwa. Akalipata haraka, na ni neno tunalomwita mama mzazi. Kule Bronx walilazimika kuazima mbwa. Sisi hatukumhitaji. Tena sifa zetu zimekwenda kinyumenyume vile vile: mwanamke akiwa shupavu tunamsifu jikedume, lakini mgeuzie mwanaume neno hilo, mwite dumejike, uone kama mtamaliza siku salama.

Wale wa nyuma waliokuwa wakicheka sana hawakucheka tena. Feni ikasikika. Mama akamwitikia kijana marahaba, akaweka chupa chini ya kiti, akasema anawahi daladala.

Filamu itaoneshwa tena Jumamosi ijayo saa kumi jioni, ukumbi ule ule, na kiingilio hakuna. Tumekubaliana na wasichana wa saluni kwamba safari hii wao ndio watakaa mbele. Mkalimani ni yule yule. Ameomba mwenyewe arudie. Anachokosa bado ni neno. Anataka tusi la Kiswahili la mwanaume kumtukana mwanaume, lenye makali yale yale, ambalo ndani yake hamna mwanamke. Mimi nimempa mawili, yote ameyakataa, na alikuwa na haki. Mwenye nalo, mwenyeji wa Temeke, Unguja, Mombasa au Lubumbashi, atuletee kabla ya Jumamosi.